Karatasi za Gertruda na Hesabu ya Kompyuta

Septemba 1996, Gertruda alikuwa akipalilia maharage yake bondeni, kijijini Litumbandyosi, kwenye milima ya Wamatengo. Majani yalikuwa na vidoa vya kahawia tena. Mwaka uliopita yalikauka hivyo hivyo, na watoto wakala ugali kwa chumvi miezi mitatu. Jambo hilo lilimuuma.

"Ni jua tu," alisema mumewe, Raimundi. "Kesho nachoma nyasi za mlimani."

Bibi shamba Dorothy alifika asubuhi hiyo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uone majani haya."

Dorothy aliyageuza. "Moshi wa mashamba yanayochomwa ukipigwa na jua kali huzaa hewa chafu iitwayo ozoni. Huunguza majani. Watafiti wamekadiria kwa kompyuta kwamba huku ipo nyingi. Lakini kompyuta nayo lazima ipimwe."

Alitoa karatasi saba nyeupe zilizopakwa dawa. "Tundika moja kila siku hapa shambani. Ikigeuka zambarau, ozoni ipo."

Raimundi alikubali kusubiri wiki moja kabla ya kuchoma nyasi. Lakini karatasi alizitundika darini, juu ya meko, penye mbegu za mahindi. Mmatengo gani ataacha mali ya serikali ipeperuke?

Zote zilibaki nyeupe.

"Kompyuta yenu imesema uongo," alimwambia Dorothy.

"Mlizitundika wapi, baba?"

Alipoambiwa, Dorothy alicheka mpaka akakaa chini. "Jikoni hakuna jua. Tena ozoni ikikutana na moshi mbichi wa meko, ambao haujapigwa na jua, huisha."

Gertruda hakucheka. "Nipe nyingine saba. Safari hii nazitundika mwenyewe."

Kila siku alishuka bondeni na karatasi yake. Siku tano iligeuka zambarau, kama kompyuta ilivyokadiria. Siku mbili haikugeuka.

"Siku hizo upepo wa kutoka ziwani, nyuma ya milima, ulisafisha hewa," alisema Dorothy akiandika. "Kompyuta haikuujua. Watafiti watairekebisha."

Kwenye mkutano wa kijiji, mzee Ildefonsi aliguna. "Kumbe ilikosea siku mbili."

"Ndiyo, mzee wangu, na mimi ndiye niliyeikosoa," alijibu Gertruda. "Siku tano ilisema kweli. Hizo tano ndizo zinazokula maharage yetu."

Raimundi alisimama wa kwanza. Nyasi zake hachomi, alisema, atazifukia kwenye ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani, mwezi Machi. Kijiji kilikubali, na vijiji jirani vikafuata.

Mwaka uliofuata vidoa vilikuwa vichache. Watoto wa Gertruda walikula maharage mpaka wakaanza kulalamika.