Waya wa Ardhi

Jambo la mwisho la kawaida alilofanya Bediako Jumamosi ile lilikuwa kumenya chungwa. Alilimenya kwa wembe, ganda likishuka jembamba bila kukatika, kama alivyokuwa akimenya marehemu mkewe Sarpomaa, kisha akalikata kofia juu ili alifyonze. Hakulifyonza. Hodi ilibishwa, akaliweka mezani kando ya kisanduku kipya alichokinunua sokoni Adum asubuhi hiyo.

Wageni walikuwa wawili: Nsiah, mdogo wa mwisho wa Sarpomaa, na Mama Foriwaa, mkuu wa wanawake wa ukoo wao.

"Mwanangu, umekonda," alisema Foriwaa kabla hata hajaketi. "Nani anakupikia?"

"Najipikia, mama."

"Ndiyo maana."

Bediako alitabasamu kwa adabu. Nsiah hakutabasamu. Alikuwa akizitazama sahani za santuri zilizopangwa ukutani.

"Ndizo hizo?"

"Ndizo."

"Basi kama nilivyokwambia kwenye simu. Kesho baada ya ibada nakuja na gari. Mchungaji ataziombea, halafu tunazichoma. Nyimbo za baa, shemeji. Ndizo zilizomfunga dada mpaka mwisho."

"Dada yako alikuwa na kisukari," alisema Bediako. "Dawa yake imo kwenye friji mpaka leo. Nenda kaione."

Nsiah hakwenda. Miezi kumi nyuma, Bediako alikuwa Takoradi kumzika mwalimu mwenzake. Huku nyuma Nsiah alikuja, akamchukua dada yake, akampeleka kwenye kambi ya maombi anakotumika kama shemasi, wakafunge na kuomba. Bediako aliporudi alikuta kitanda kitupu. Simu ya Nsiah ilikuwa imezimwa. Ilipowashwa, ilikuwa ya kumwambia aje kwenye maiti.

Tangu siku hiyo hakuwahi kupaza sauti. Hasira ilimkaa kama mwiba wa samaki kooni: kumeza hauendi, kutema hautoki.

"Yaliyopita si ndwele," alisema Foriwaa. "Mali ya mwanamke hurudi kwao, wewe unajua, hukuoa jana. Na lipo la kushukuru. Nsiah alikuwapo. Alimpa dada yake maji ya mwisho kwa mkono wake mwenyewe. Bila maji ya mtu wa damu yake, angekipandaje kile kilima cha kwenda kwa wahenga? Si angebaki chini huko na kiu yake?"

"Kwa mkono huu," alisema Nsiah, akauonyesha.

Kisha akautia mfukoni.

Walipoondoka, Bediako aliichomoa sahani moja kati ya zile zote. Sarpomaa aliimba humo alipokuwa msichana wa miaka ishirini, mmoja wa waitikiaji watatu wa bendi ya hoteli. Hakupenda kurekodiwa kwenye simu. Alisema simu inamfanya asikike kama mbuzi. Kwa hiyo sauti yake duniani ilikuwa imebaki hapo tu, na kesho ingetiwa moto.

Gramafoni yao ya zamani bado ilizunguka vizuri, ila amplifaya yake ilikuwa imeungua. Spika mpya alizoleta binti yao zilikuwa nzuri, lakini sauti ya sindano ni dhaifu mno. Ukiiunga moja kwa moja inatoka kama mbu ndani ya kopo. Ndiyo kazi ya kile kisanduku: kuipa nguvu kabla haijafika kwenye spika. Kilikuwa cha bei ya chini, cha bati, ukubwa wa mche mfupi wa sabuni.

Aliunga nyaya zote isipokuwa mmoja, ule mwembamba wa kijani, waya wa ardhi. Akawasha ili ajaribu.

Spika zikavuma. Mvumo mzito, usio na pumzi.

Akagusa bamba la chuma la gramafoni. Mvumo ukakatika. Akaondoa kidole. Ukarudi. Hakushangaa, alikuwa amefundisha fizikia maisha yake yote. Mkono wa mtu ukigusa chuma, hufanya kazi ya waya uliokosekana. Akaenda jikoni kutafuta bisibisi.

Alikuwa amevuta droo nusu mvumo ulipokatika.

Alisimama. Umeme umekwenda, aliwaza. Lakini friji kando yake ilikuwa ikinguruma. Nje palikuwa na jua la mchana na vumbi la harmatani, ule upepo mkavu wa jangwani, na jirani alikuwa akitwanga mihogo ya fufu, pigo baada ya pigo.

Mvumo ukarudi.

Ukakatika tena.

Kama mtu anayeweka mkono, anauondoa, anauweka.

Alirudi sebuleni na bisibisi mkononi. Hapakuwa na mtu. Mvumo ulianza alipovuka kizingiti. Alikaza ule waya wa kijani haraka, vidole vikiwa vizito, na chumba kikanyamaza. Akaweka sahani. Akashusha sindano.

Bendi ilipiga. Waitikiaji wakaingia, na wa katikati alikuwa yeye, mwepesi, akichelewa kidogo makusudi nyuma ya wenzake kama alivyochelewa kila mahali maisha yake yote. Bediako alisikiliza akiwa amekunja ngumi. Wimbo ukaisha. Sindano ikaingia mfereji wa mwisho, ule usio na muziki, ikawa inazunguka. Gramafoni hiyo haikujua kujizima.

Hakuinuka. Aliongeza sauti, apate hata pumzi yake.

Mkwaruzo. Mzunguko. Mkwaruzo.

Ndani ya mkwaruzo kulikuwa na kitu.

Akaongeza tena.

"Nsiah. Maji."

Aliinua sindano. Akaifuta. Akaweka sahani nyingine, akaisikiliza hadi mwisho: mkwaruzo mtupu. Akairudisha ile ya kwanza.

"Nsiah. Maji."

Alijaribu kufikiri kwa utaratibu. Huenda mtu aliomba maji studio, ikanaswa. Lakini wimbo ulirekodiwa Nsiah akiwa mtoto wa mgongoni. Na sauti haikuwa ya yule msichana. Ilikuwa sauti ya mama wa miaka sitini na miwili aliyeng'oka jino la mbele mwaka wake wa mwisho, akawa kila akitamka *s* inapiga mluzi. Katika jina la Nsiah, mluzi ulikuwapo.

"Sarpo," alinong'ona. "Ni mimi."

"Nsiah. Maji."

Alijaza glasi, akaiweka kando ya gramafoni. Maji yakamwagikia meza.

"Kunywa, mke wangu. Haya hapa."

"Nsiah. Maji."

Hakumwita yeye. Hata mara moja. Miaka thelathini na minane ya ndoa, na mbele ya kilima kile yeye alikuwa mkwe tu. Maji yake hayakuwa maji. Aliketi akaelewa, na alipoelewa, ule mwiba kooni ukageuka. Hawakumpa. Walimfungisha pamoja nao, bila dawa, bila tone, midomo ikimpasuka, naye akamwomba mtu pekee wa damu yake aliyekuwa chumbani. Kisha mtu huyo akasimama mbele ya ukoo mzima siku ya mazishi na kuunyanyua mkono wake.

Alizima kila kitu. Akaifuta meza yote vumbi na maji. Glasi aliiacha palepale, imejaa.

Asubuhi alipakia sahani zote kwenye gari lake, na gramafoni, na spika, na kile kisanduku. Mlango wa Nsiah, huko Tafo, ulifunguliwa na Mama Foriwaa, tayari kwa kanisa.

"Umezileta mwenyewe?" alisema. "Mungu akubariki, mwanangu. Moyo wako umelainika."

"Ndiyo, mama."

Nsiah alikuwa amevaa shati jeupe, akifunga vifungo vya mikono. "Na hiyo mashine ya nini?"

"Ni yako pia. Keti, shemeji. Kabla hujachoma kitu, kijue."

Aliunga waya baada ya waya, taratibu. Ule wa kijani hakuufunga. Aliuacha uning'inie.

Spika zikavuma.

"Imeharibika," alisema Nsiah.

"Haijaharibika. Inangoja mkono."

Alishusha sindano kwenye mfereji wa mwisho, akarudi nyuma mpaka ukutani, mikono akaikunja kifuani ili waione. Foriwaa alikuwa mlangoni. Nsiah alikuwa kitini, mbali. Hakuna aliyegusa kitu.

Mvumo ukakatika.

Katika ukimya huo mkwaruzo ulizunguka mara moja. Kisha jina la Nsiah likaitwa, na mluzi uleule ndani yake.

Nsiah alisimama. Alifika kwenye gramafoni, akanyoosha mkono ainue sindano, akaurudisha kama aliyeshika jiko. Akaupangusa kwenye shati.

"Kuna mtu kaishika," alinong'ona.

"Nsiah. Maji."

Foriwaa hakupiga kelele. Alimgeukia kijana wa ukoo wake. "Ulimpa," alisema polepole. "Nsiah, nakuuliza. Ulimpa, hukumpa?"

Nsiah aliutia mkono mfukoni. Midomo yake ilikuwa mikavu.

Bediako alikwenda kwenye mtungi wa udongo kwenye pembe, akachota kikombe, akakiweka mezani mbele ya shemeji yake. Sahani yenye sauti pekee ya mkewe ilikuwa ikizunguka. Aliitazama mara moja. Hakuichukua.

"Ni wenu," alisema. "Ni damu yenu. Mpe."

Akatoka bila kufunga mlango. Mpaka anafika kwenye gari mvumo ulikuwa haujarudi.

Nyumbani alichukua kitambaa aifute ile meza. Harmatani ilikuwa imemwaga vumbi jipya juu yake tangu jana. Pale gramafoni ilipokuwa palibaki mraba safi. Glasi ilikuwa palepale, imejaa mpaka ukingoni. Na kutoka kwenye ule mraba, katika vumbi, mistari minne ya vidole ilikuwa imejikokota kuelekea kwenye glasi, ikasimama upana wa ukucha kabla ya kuifikia.

Bediako alifuta meza yote, polepole, pembe kwa pembe. Hapo hakufuta.