Baiskeli ya Mama Mkate

Kila alfajiri Mama Mkate alitoka kwa mwokaji na kapu kichwani. Alipita duka hadi duka, akiacha mikate. Kapu lilikuwa zito, lakini yeye hakuwa mtu wa kulalamika. Shida yake ilikuwa ng'ambo ya daraja. Huko ni mbali. Alipofika, mikate ilikuwa imepoa, na wenye maduka walishanunua kwingine.

Asubuhi moja mwokaji alimwita kando.

"Mama, ng'ambo ya daraja nataka mtu mwenye baiskeli," alisema. "Ukiipata kabla sikukuu hazijaisha, kazi hiyo ni yako. Usipoipata, nitampa mwingine. Na huyo mwingine anataka kupeleka mikate kote, hata huku kwako."

Mama Mkate alishtuka. Mikate ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Kazi hii ikimponyoka, watalala wapi?

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Watu walimwita Fundi Pana, kwa sababu alipenda vitu vikubwa. Viatu vya watoto alinunua vikubwa. "Watavijaza tu," alisema. Sufuria yao ilitosha kulisha harusi. Kitasa cha mlango wao kilikuwa cha ghala.

Sikukuu zilipokaribia kwisha, duka la baiskeli la mtaani kwao lilitundika bango: bei zimepunguzwa. Siku hiyo Mama Mkate alikuwa na mikate mingi ya kupeleka. Akamkabidhi mumewe akiba yake.

"Nenda wewe, baba," alisema. "Kumbuka, nataka ya kubebea mzigo."

"Wewe tulia. Leo majirani watashika midomo!"

Jioni Fundi alirudi akiisukuma. Lo! Ilikuwa nyekundu, inang'aa, ina gia, ina taa mbele na nyuma. Mama Mkate alipiga vigelegele. Kisha akasogea karibu. Tandiko lilimfika kifuani.

"Mbona kubwa hivi?"

"Hii ndiyo iliyopunguzwa bei kuliko zote, mke wangu. Utaizoea."

"Nitaizoea, au nitaijaza?"

Fundi alicheka sana. Mama Mkate naye alicheka, ila kwa shingo upande.

Asubuhi, kwa mwokaji, alifunga kreti la mikate kwenye keria, yaani kile kibebeo cha nyuma. Akapanda kwa kukanyaga ngazi ya mlango. Vidole vyake viligusa pedali kwa shida. Alienda akiyumba hadi kwenye kona. Hapo mkokoteni ukakatiza mbele yake. Akashika breki. Akashusha mguu autafute udongo, udongo haupo. Puu! Akaanguka yeye, na mikate ikatapakaa kwenye matope. Goti lilichubuka. Alikaa pale pale chini akalia, wala hakujali nani anamwona.

Mwokaji alipopata habari hakugomba. "Pole, mama," alisema. "Lakini sikukuu ndizo hizo zinaisha." Maneno hayo yalimuuma Mama Mkate kuliko goti.

Alirudi nyumbani akiikokota baiskeli. Jirani yao, Bibi Barua, alikuwa anafagia uwanja. Bibi huyu alifanya kazi ya kupeleka barua kwa baiskeli mpaka akastaafu.

"Hili jitu la nani?" aliuliza.

"Langu, bibi. Limenitupa."

"Pole, mwanangu. Hebu simama katikati, mguu huku na mguu huku. Nyayo zote ziguse chini."

Mama Mkate alijaribu. Bomba la juu la baiskeli lilimzuia. Alisimama kwa ncha za vidole.

"Basi hii si yako," Bibi Barua alisema. "Ukisimama hivyo, lazima nyayo zikanyage chini, na bomba lisikuguse. Ukikaa kwenye tandiko, mguu ufikie pedali ya chini, goti likunje kidogo tu. La sivyo utaanguka kila siku."

Fundi alitoka ndani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni.

"Baiskeli ni nzuri, bibi. Hajaizoea tu."

"Fundi, mteja akija kushona gauni, unampima nani?"

"Si yeye mwenyewe!"

"Na dukani alipimwa nani?"

Fundi alikohoa. Akatazama chini. "Muuzaji aliuliza nani ataipanda. Nikasema ni ya nyumbani, sote tutaipanda. Akanipima mimi."

"Wewe!" Mama Mkate alipandwa na hasira. "Upimwe wewe, nianguke mimi?"

"Nisamehe, mke wangu. Ile bei ilinitia wazimu."

Walifuatana wote watatu mpaka dukani. Muuzaji alitazama risiti, akatazama mchubuko kwenye rangi.

"Nitaibadilisha, lakini huu mchubuko mtalipia," alisema. "Hata mimi nina kosa. Ningesisitiza mpandaji mwenyewe aje."

"Ndiyo faida ya kununua kwa mtu wa karibu," Bibi Barua alisema. "Mngenunua kwa mpita njia, leo mngemtafuta wapi?"

Fundi alianza kuelekea kwenye baiskeli zenye bango jekundu. Mkewe alimvuta shati. "Njoo huku, bwana!"

Walichagua nyeusi, fupi, isiyo na gia. Bei yake ilikuwa imepunguzwa kidogo tu.

"Usilipe kwanza," Bibi Barua alimwambia Mama Mkate. "Inua nyuma, zungusha gurudumu. Linayumba?"

"Hapana, linakwenda sawa."

"Bana breki, halafu isukume kwa nguvu."

Mama Mkate aliisukuma. Haikusogea.

"Sasa keria. Hiyo nyekundu ilikuwa na keria ya bati. Hii?"

Mama Mkate aliikandamiza kwa mikono yote miwili. "Ni chuma! Wala haitikisiki."

"Na cheni ikikatika?" Fundi aliuliza, safari hii kwa upole.

"Cheni, tyubu na breki zake ninazo hapa hapa," muuzaji alisema. "Na baada ya mwezi mniletee nizikaze nati, bure."

Mama Mkate alisimama katikati ya baiskeli. Nyayo zote zilikanyaga chini. Akakaa, akazunguka uwanja wa duka, akashika breki, akasimama bila kutikisika. Alijikuta anacheka peke yake.

Fundi alilipia mchubuko na tofauti ya bei kutoka mfukoni mwake, bila kunung'unika.

Asubuhi iliyofuata, sikukuu zikiwa bado hazijaisha, mwokaji alimpa Mama Mkate mikate ya ng'ambo, naye akavuka daraja mapema. Duka la kwanza ndiyo kwanza lilikuwa linafunguliwa. Mwenye duka alimtazama kwa mashaka.

"Mama, mimi mikate ya baridi sitaki. Nilishakwambia."

"Shika kwanza, ndugu yangu."

Mwenye duka alishika mkate. Akaurusha mkono huu na mkono ule, akipuliza vidole.

"Huu unaunguza!" alisema. "Acha kreti zima. Na kesho uje kwangu kwanza."