Tone Moja kwa Siku

Foleni ya duka la dawa ilifika mlangoni, na mwanamke mwenye buti za matope na kizibao cha manjano alikuwa ameshatazama saa mara mbili. Alikuwa mpima ardhi. Gari la kazini lilimngoja nje likinguruma. Mfamasia alimkabidhi chupa ya vitamini D ya mtoto wa dada yake, aliyezaliwa njiti, pamoja na kibomba kidogo cha kuipimia.

“Kibomba kimoja, mara moja kwa siku. Haya, rudia.”

“Nirudie nini?”

“Nilichosema. Hapa kila mtu hurudia. Juzi jaji karudia.”

“Kibomba kimoja, mara moja kwa siku. Shikamoo, mwalimu.”

Watu wakacheka. Mfamasia, aliyevaa koti jeupe lenye mikunjo mikali ya pasi, alimhudumia mteja aliyefuata huku macho yakimfuata mpima ardhi.

Jioni mpima ardhi alirudi. “Nimesahau. Ni kimoja au viwili?” Hakuwa amesahau, na mfamasia alijua. Wakapeana namba.

Tangu hapo simu hazikupoa.

“Umekula, mpenzi?”

“Nimekula vumbi. Wewe?”

“Nimekula maneno ya wateja.”

“Pole. Njoo ule na yangu.”

Jumamosi moja mfamasia alimwona bila buti: gauni la zambarau lililoishia magotini, na viatu vyembamba alivyovivua na kuvibeba mkononi kabla hawajamaliza mtaa wa pili.

Chupa ya kwanza ilipokwisha, aina ile haikuwapo tena. Mfamasia alitoa nyingine, kali zaidi. Hii haikuwa na kibomba. Ilikuwa na kizibo chenye tundu dogo la kudondoshea, na dozi yake ilikuwa tone moja tu. Alimweleza hivyo. Mpima ardhi alikuwa ameegemea kaunta, akimnyoosha kola na kuuliza watakwenda wapi Jumapili. Boksi lenye maelekezo halikuenea mfukoni mwa kizibao, kwa hiyo alilitupa kwenye pipa la dukani na kuondoka na chupa. Mfamasia alimwona, akacheka. Hakumtaka arudie.

Nyumbani, dada hakuambiwa na mtu kwamba dozi imebadilika; aliona tu matone yanachelewa kutoka. Aling’oa kizibo, akachukua kibomba cha chupa ya zamani, akakijaza kama alivyozoea. Kibomba hicho kilibeba matone zaidi ya ishirini.

Wiki chache baadaye mtoto alianza kutapika. Akalegea kama kitambaa. Hakunyonya, hakupata choo, ila nepi zililowa kupita kiasi. Hospitalini, daktari wa watoto, mwanamke mfupi asiye na subira, alirudi na majibu ya damu.

“Kalsiamu imepanda hadi kiwango cha hatari. Inaweza kuharibu figo na kuvuruga mapigo ya moyo. Mnampa dawa gani?”

Dada akatoa chupa na kibomba. Daktari alivitazama vyote viwili.

“Nani alikuambia umpe kibomba kizima?”

“Huyo muuza dawa wake,” dada alisema, akimwonyesha mdogo wake kwa kidevu.

Mpima ardhi alitoka kwenda koridoni, akampigia mfamasia simu.

“Umempa mtoto sumu!”

“Subiri. Amepewa kiasi gani?”

“Kibomba kizima, kila siku!”

“Nilikuambia tone moja.”

“Hukuniambia!”

“Sikuhakikisha kama umenisikia. Nakuja.”

“Usije!”

Alikuja. Alimweleza daktari kiasi cha vitamini kilichomo katika kila tone, kisha akamgeukia dada.

“Kosa ni langu. Kila mteja namtaka arudie maelekezo. Mdogo wako sikumtaka arudie.”

“Toka mbele yangu.”

Akaenda kukaa kwenye benchi la nje. Mpima ardhi alisimama pale pale, akatazama ukuta.

Mtoto aliwekewa dripu ya maji ya chumvi, ili kurudisha maji aliyopoteza na kusukuma kalsiamu itoke kwa mkojo. Mwili ulipopata maji ya kutosha, daktari akaongeza dawa ya kukojoza, na steroidi ya kuzuia utumbo usifyonze kalsiamu zaidi. Yalihitajika pia maziwa maalumu, yenye kalsiamu kidogo na yasiyo na vitamini D. Hospitali haikuwa nayo. Mfamasia alipiga simu kila duka alilolijua, akapanda pikipiki, akarudi na makopo mawili na kumwachia muuguzi.

Kipimo cha kesho yake hakikushuka. Kilichofuata kilishuka kidogo. Mpima ardhi alizunguka koridoni, akakaa, akasimama, akaenda dirishani.

“Tulia basi, unanizungusha kichwa,” dada alisema.

“Dada, yule mtu aliniambia.”

“Alikuambia nini?”

“Tone moja. Nilikuwa namtazama midomo, sikusikia neno. Na boksi nililitupa mimi.”

“Wewe! Wewe unayegombana na watu kwa sentimita mbili za mpaka!”

“Ndiyo, dada.”

“Umeniacha nimfukuze mtu kama mbwa.”

“Ndiyo.”

Dada alimtazama mtoto na mrija uliobandikwa mkononi mwake. “Na kizibo niliking’oa mimi,” alisema, akaanza kulia.

Mpima ardhi alipiga simu.

“Uko wapi?”

“Kwenye benchi.”

“Hujaenda kazini?”

“Nimekwenda, nimerudi.”

“Nimemweleza dada kwamba ulisema, nami sikusikiliza. Nisamehe.”

“Lakini kosa ni—”

“Ni lako nusu. Usijimilikishe kiwanja chote.”

Alimsikia akivuta pumzi. “Jumapili ile nilitaka kukuomba unioe,” mfamasia alisema, kisha akajisahihisha haraka. “Nikuoe. Sasa sina uso wa kuomba.”

“Dada amesema hakuna habari ya ndoa mpaka damu ya mtoto ikae sawa.”

“Dada alijuaje?”

“Nilimwambia kabla hujasema.”

Mtoto aliruhusiwa kwenda nyumbani, lakini wasiwasi ulitoka naye. Vitamini D hujificha kwenye mafuta ya mwili kwa muda mrefu, na kalsiamu inaweza kupanda upya. Kila kipimo kiliwakuta wote watatu kliniki, dada akiwa amekaa mbali na mfamasia. Mara kilishuka, mara kikapanda kidogo, na mpima ardhi akarudia kuzunguka. Hatimaye daktari alisema kwamba majibu yalikuwa ya kawaida kwa mara ya pili mfululizo, na picha ya figo ilikuwa safi.

Mtoto alikuwa akilia kwa hasira, akidai maziwa. Dada alisimama, akavuka korido, akamweka mikononi mwa mfamasia.

“Mshike, shemeji. Mikono imekufa ganzi.”