Kiherehere na Vipande Vyake

Kila alasiri akitoka shule, Kiherehere alivua sare, akanywa maji, akakaa kwenye kigoda katika chumba cha kazi cha shangazi yake, fundi cherehani, akashona vifungo. Kwenye daftari la shule alikuwa na jina jingine, lakini mtoto anayekoroga uji kabla maji hayajachemka utamwitaje?

Kwa kila shati shangazi alimlipa kidogo. Kiherehere alijibana mwaka mzima mpaka akafikisha elfu sitini. Alitaka kununua cherehani yake mwenyewe, na safari ilikuwa bado ndefu.

Shangazi alimwambia kuwa pesa inayolala ndani ya kopo haizai. Akamwekea kwenye mfuko wa uwekezaji wa pamoja. Humo pesa za watu wengi hukusanywa, zikanunuliwa hisa za kampuni nyingi na hati za mikopo ya serikali. Hata mwenye kidogo hupata vipande vyake, na bei ya kipande hupanda na kushuka. Yote hayo yalifanyika kwenye simu ya shangazi. Kwa kuwa miwani ya shangazi ilikuwa imevunjika, msomaji wake wa ujumbe alikuwa Kiherehere, na namba ya siri aliijua vizuri.

Wiki ya kwanza bei ilipanda, akala akashiba. Wiki ya pili ikashuka, kiasi cha bei ya pipi mbili hivi, na sahani akaisukuma kando. Shangazi alipokwenda uani kuanua nguo, mtoto akauza vipande vyote. Kesho yake bei ikapanda. Lo! Akanunua tena. Iliposhuka akauza, ilipopanda akanunua, mpaka mara tatu. Kila alipotoa alikatwa ada, kila aliporudisha alikatwa makato ya simu, naye akajifariji kwamba ni vijisenti tu.

Jumamosi moja shangazi alirudi na miwani mipya. Alikaa akasoma ujumbe wote wa mwezi ule. Kiherehere alijichoma kidole kwa sindano mara mbili.

"Elfu sitini zimebaki hamsini na moja," shangazi alisema. "Na bei ya kipande ni ileile ya siku tulipoanza. Nani amezila?"

Ulimi ulikuwa tayari kuusingizia mfuko. Kiherehere akauzuia.

"Ni mimi, shangazi. Niliuza na kununua bila kukuambia. Niliogopa zitaisha."

Shangazi hakufoka. Alimpa kitambaa cheupe, akamwambia ashone pindo. Akashona. Akaambiwa afumue, ashone tena, afumue tena. Mara ya tano pindo lilijaa matundu, na lilipovutwa kidogo tu, likachanika.

"Kitambaa kilikuwa kibovu?"

"Hapana, shangazi. Nimekifumua mno."

Siku hiyohiyo namba ya siri ilibadilishwa. Wakakubaliana kwamba Kiherehere atanunua vipande vichache kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, bei iwe juu au chini, na akaunti wataitazama mara moja kila baada ya miezi mitatu. Zile siku za mwanzo aliteseka kweli. Kwa kuwa alikatazwa kuuliza bei, akawa anamuuliza shangazi kama simu haijambo.

Mwaka ukapita. Akiba ilikuwa imeshavuka elfu sitini pale kinyozi jirani, ambaye naye alijiunga na mfuko huo, alipoingia anahema. Bei imeanguka, alisema, na anakwenda kutoa kila kitu.

Kiherehere alikuwa anatia uzi kwenye sindano, wala hakuinua kichwa.

"Mjomba, pesa hizo unazihitaji leo?"

Kinyozi akafikiri, akakiri kwamba hazihitaji hata mwaka huu.

"Basi kaa upumzike. Mimi leo ni siku yangu ya kununua. Bei ikiwa chini, pesa ileile inanipa vipande vingi zaidi."

Kinyozi akamgeukia shangazi, kama mtu anayeomba msaada. Shangazi akavua miwani, akacheka mpaka akajifuta machozi.

"Umemsikia mwalimu wako," alisema. Kisha akamtazama mtoto wa kaka yake. "Ndiyo hivyo, mwanangu. Anza na kidogo ulicho nacho, pale makato ni madogo, uongeze kila mwezi, kisha ukipe muda. Bei ikishuka huweza kupanda tena, lakini kilicholiwa na papara hakirudi."

Kinyozi akavuta kigoda, akakaa.