Chapati Laini za Bibi

Sogeeni, watoto, sogeeni mpaka magoti yagusane. Leo namleta Zawena, msichana wa miaka sita asiyejua kusubiri.

Jumatatu, jino la mwisho la Bibi yake liling'oka. Pwa! Likaanguka kwenye kikombe cha chai.

Tangu siku hiyo, Bibi alikula uji tu. Asubuhi uji. Mchana uji. Jioni uji tena!

Ikafika Jumapili, siku ya Baba kupika chapati.

"Mimi niwekeeni uji wangu," alisema Bibi. "Chapati ni za wenye meno."

Bibi alipenda chapati kuliko mtu yeyote nyumbani. Zawena akamwonea huruma sana.

"Baba, leo tumpikie Bibi chapati laini. Laini kabisa!"

"Haya, mama," alisema Baba. "Nawa mikono."

Baba akamimina bakulini unga, chumvi, mafuta na maji ya uvuguvugu. Zawena akakunja ngumi, akakanda.

*Kanda, kanda, kandika!*
*Laini, laini, lainika!*

"Baba, donge limekuwa laini?"

"Shika ndewe yako, hapo chini ya sikio. Donge likiwa hivyo, limekuwa laini."

Zawena akashika sikio. Akashika donge. Sikio. Donge. Sikio likawa jeupe kwa unga!

"Bado gumu," alisema.

"Basi tulifunike, lilale kidogo," alisema Baba. Akalifunika kwa kitambaa, akaenda uani kuwasha jiko.

Zawena akasubiri. Akasubiri tena. Akachungulia. Mtoto huyu!

Akafunua kitambaa, akamega tonge, akalisukuma. Tonge likajirudi, nywii! Akalisukuma tena. Nywii!

"Baba, chapati ya kwanza hii hapa!"

Baba akaitazama, akatabasamu, akaichoma. Akaiweka kwenye sahani. Ko!

Zawena akaing'ata. Akaivuta. Akaivuta kwa mikono miwili. Wapi! Ngumu kama kandambili.

Machozi yakamlengalenga. "Bibi hataweza kuila hii."

"Hataweza," alisema Baba. "Hukuliacha donge lilale. Tulifunike tena."

Safari hii Zawena akakaa kando ya bakuli, akawa mlinzi.

Jogoo akawika uani. "Shhh!" alisema Zawena kwa sauti laini. "Donge limelala."

Paka akaja, nyau, nyau. Zawena akampapasa tumbo, manyoya laini, laini. "Shhh! Donge limelala."

Hata Baba alipopiga chafya, akaambiwa shhh!

Mwishowe Baba akafunua kitambaa. Zawena akashika sikio. Akashika donge. Akaruka juu!

"Sawasawa, Baba! Sawasawa na sikio!"

*Kanda, kanda, kandika!*
*Laini, laini, lainika!*

Zawena akasukuma. Baba akachoma. Chwaa, chwaa! Nyumba nzima ikanukia.

Wakaketi mkekani. Zawena akamwekea Bibi chapati moja, ya motomoto.

"Jamani, mjukuu wangu, na hizi fizi?"

"Jaribu, Bibi. Kidogo tu."

Bibi akakata kipande, akakitia mdomoni. Nyam. Akafumba macho. Nyam, nyam.

Zawena hakupumua. Baba naye hakupumua.

Bibi akakata kipande kingine. Na kingine. Na kingine.

Kisha akajifuta mdomo, akamsogezea Zawena sahani tupu.

"Ongeza," alisema Bibi.