Gari Halipikwi

Kila Jumamosi asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuingia, Quinter alikuwa akizunguka yadi ya mjomba wake na kitambaa mkononi. Mvua ya Kericho haina adabu. Hunyesha alasiri, ikapumzika kidogo, kisha ikarudi usiku kumalizia ilichoacha. Asubuhi magari yote huwa yamelowa na kujaa nyayo za paka. Quinter aliyafuta moja moja, akafungua milango hewa iingie, halafu akasimama langoni kumngojea mteja wa kwanza.

Alikuwa msichana wa Gredi ya Saba, mwembamba, mwenye ulimi mwepesi. Mjomba Ouko, aliyekuwa akiuza magari yaliyokwisha kutumika, aliugundua ulimi huo mapema akaupa kazi. "Mimi nikisifu gari, watu wanasema ni biasara tu," alipenda kusema, maana sh ilimshinda tangu utotoni. "Lakini mtoto akisifu, wanaamini." Basi Quinter akajifunza kuonyesha kamera ya nyuma, kitufe cha kuwashia na namna ya kukunja viti. Wateja walicheka naye, wakampenda, na wengi wao walinunua.

Aliipenda kazi hiyo mpaka lilipoletwa gari la kijivu.

Lilikuwa gari la kifahari, fupi kwa umbo lakini lililoinuka juu ya magurudumu yake, lenye viti vya ngozi na paa la kioo. Hata hivyo, halikuja likiendeshwa. Lilivutwa, pua imebonyea, kioo cha mbele kimepasuka na mifuko ya hewa inaning'inia. Mifuko hiyo hufichwa ndani ya usukani na dashibodi, na gari likigonga hufumuka ghafla ili kichwa cha mtu kipate mahali laini pa kuangukia. Ikishafumuka haifai tena. Quinter mwenyewe ndiye aliyefagia vipande vya kioo na kupangusa unga mweupe uliobaki vitini.

Fundi aliinyoosha pua, akapaka rangi na kuweka kioo kipya. Mifuko ya hewa hakuirudisha, kwa kuwa haikupatikana upesi. Aliikata ile iliyofumuka, akaziba mahali pake kwa vifuniko na gundi, akakata na waya wa taa nyekundu iliyokuwa ikionya kwenye dashibodi. Mtu asingejua kitu.

"Hii maneno ya kugongwa iise hapa hapa," Mjomba Ouko alimwambia Quinter. "Umesikia?"

Alisikia. Angefanyaje? Yeye na mama yake, Eucabeth, walikuwa wakiishi kwa mjomba tangu mashine za kuchuma chai zilipochukua kazi ya mama kule shambani. Kitanda alicholalia kilikuwa cha mjomba, na hata uji wa asubuhi ulikuwa wa mjomba. Mtu hali kwa mtu kisha akaenda kutoboa siri zake. Ndivyo Quinter alivyojiambia, na kila alipolipita gari lile alitazama upande mwingine.

Jumamosi moja akaingia Mzee Johana Kipkemoi na mkewe, Bi Elmina, wakulima wa chai na ng'ombe wa maziwa kutoka upande wa Kapkatet. Bi Elmina alitembea polepole, amejifunika shali. Mzee alikuwa amebeba mtungi mtupu wa maziwa, na wala hakueleza kwa nini. Alilizunguka gari la kijivu mara kadhaa, kisha akaomba buti lifunguliwe.

"Mzee, hii gari si ya maziwa," Mjomba Ouko alisema akicheka. "Hii ni ya wakubwa."

"Kwangu mkubwa ni ng'ombe," Mzee Johana alijibu, akausimamisha mtungi ndani ya buti na kulifunga. Lilifungika vizuri. Akainama, akapitisha mkono chini ya tumbo la gari kupima lilivyoinuka. "Barabara yetu ikinyeshewa inakuwa uji. Kari ya tumbo chini inalala huko." Mzee Johana, kama watu wengi waliolelewa kwa lugha ya Kikipsigis, aliitamka g kama k, na hakuona haya.

Alikagua kila kitu kwa mahitaji yake mwenyewe. Kiti cha nyuma alikiona finyu: watu wawili wangekaa raha, wa tatu angekunja magoti. Aliuliza vipuri vinatoka wapi, na alipoambiwa Nairobi, akaguna. Kisha akamwomba mkewe aketi mbele. Kiti kilikuwa usawa wa kiuno chake, kwa hiyo Bi Elmina hakulazimika kupanda wala kushuka. Aliketi tu, akageuza miguu, akawa ndani.

"Hapo sasa," Mzee alisema kwa furaha. "Ile pikapu yetu, kumpandisha ni kama kupakia ndama."

Quinter akabonyeza kitufe cha kupasha kiti joto. Baada ya muda mfupi Bi Elmina akatanua macho kwa mshangao. Figo zake zilikuwa zimechoka, akaeleza, na alikuwa akienda hospitali kila wiki kusafishwa damu kwa mashine. "Nikitoka hapo nasikia baridi mpaka kwa mifupa. Natetemeka mpaka nyumbani." Akamshika Quinter mkono. "Hii ni kama kukaa karibu na jiko, mtoto wangu."

"Ndiyo, Kogo," Quinter alijibu, kwa jina ambalo Wakipsigis huwaita nyanya zao.

Ndipo Mzee Johana alipomwacha Mjomba Ouko amesimama, akamgeukia yeye. "Sasa wewe uniambie, maana watoto hawadanganyi. Hii kari imepikwa?"

Vijana waliokuwa wakiosha magari wakaangua kicheko. Mjomba Ouko naye akacheka, yeye aliyeshindwa na sh maisha yake yote. Nyani haoni kundule. Quinter alijua vizuri kwamba mzee alitaka kujua kama gari limepigwa, yaani kama limewahi kupata ajali. Alijua pia kwamba mjomba, pamoja na kicheko chake, alikuwa akimkodolea macho. Akasimama katikati, hana pa kukimbilia, na utani ukamjia kama tundu kwenye ua.

"Hapana, Mzee," alisema kwa Kiswahili sanifu cha darasani. "Halijapikwa. Gari halipikwi!"

Kicheko kikazidi. Mzee Johana mwenyewe alicheka, akajipiga kofi mdomoni kana kwamba anauadhibu ulimi wake. "Haya basi. Kama haijafanywa hivyo, twende tukaione kwa barabara."

Hakuna neno la uongo alilosema Quinter. Alijirudia hilo moyoni, mara ya kwanza, mara ya pili, na kila alipolirudia lilizidi kumchoma.

Walishika barabara ya Kapsoit, Mzee Johana kwenye usukani na Bi Elmina kando yake. Quinter na mjomba walikaa nyuma. Mvua ilianza wakiwa bado hawajatoka mjini, wakafunga vioo vyote. Ukungu ukajaa ndani. Nje, chai ilikuwa imesimama pande zote mbili, kijani juu ya kijani, bila mwanya.

"Umefanya poa," mjomba alimnong'oneza.

Quinter alijaribu kuteremsha kioo avute hewa, lakini kilikuwa kimezuiwa na kitufe cha dereva. Alishika mpini wa mlango, akijua kwamba milango ya nyuma ilifungwa kwa kufuli la watoto na haifunguki kwa ndani. Mara ngapi alikuwa amewaonyesha wateja kufuli hilo na kulisifu! Leo lilikuwa limemfunga yeye. Mbele yake Bi Elmina alinyoosha mkono, akaupapasa ubao wa dashibodi, pale pale palipozibwa kwa gundi.

"Laini hivi," Bi Elmina alisema, na kuuacha mkono hapo.

Akisema, mjomba atamfukuza pamoja na mama yake. Akinyamaza, Bi Elmina atapanda gari hili kila wiki, mvua na utelezi, na siku gari likigonga hakutakuwa na kitu cha kumpokea. Quinter alifikiri huku na huku, na kote alikuta ukuta.

Mteremko ulipoisha, Mzee Johana alilipeleka gari kando na kulisimamisha karibu na kibanda cha kupimia majani ya chai. Siku hiyo hapakuwa na mtu. "Nimeridhika," alisema. "Nitachukua."

"Mungu asifiwe!" Mjomba Ouko alipaza sauti.

"Lakini sisi kari haitubebi kwenda nyumbani bila maombi," Mzee aliendelea. Akavua kofia.

Bi Elmina akageuka nyuma, akatabasamu. "Quinter atuombee. Mtoto ndiye alituonyesha hii gari, na mtoto hana unafiki."

Wote wakainamisha vichwa na kufumba macho. Quinter alisikia mvua ikipiga paa la kioo. Alikuwa ameomba darasani na kanisani mara nyingi, tena kwa sauti kubwa. Sasa sauti ilitoka nyembamba.

"Baba yetu uliye mbinguni, tunakushukuru kwa siku ya leo. Tunaomba uilinde hii gari. Umlinde Mzee akiendesha. Na Kogo, akikaa hapo mbele, tunaomba... tunaomba umlinde..."

Maneno yakakwama. Angemwomba Mungu alinde mahali ambapo yeye mwenyewe alijua pameachwa wazi? Mjomba alikohoa. "Amina," alisema kwa haraka. Hakuna aliyemfuata. Mzee na mkewe waliendelea kuinama, wakimngojea mtoto amalize.

"Mungu," Quinter alisema, na machozi yakamtoka, "hii gari imepigwa."

Bi Elmina akafungua macho.

"Imepigwa mbele. Mifuko ya hewa hakuna. Hapo Kogo ameshika, ndani hakuna kitu. Ni gundi tu. Mzee aliponiuliza nilielewa. Nilijifanya sijaelewa." Akashindwa kuendelea, akaegemea mlango uliokataa kufunguka.

Mzee Johana alizima injini. Alitoka mvuani bila kofia, akazunguka, akamfungulia mlango kwa nje. "Toka, upate hewa," alisema. Wote wakajikinga chini ya kibanda.

"Mzee, huyu ni mtoto, hajui mambo ya magari," Mjomba Ouko alianza. Kisha hasira ikamshinda, akamnyooshea Quinter kidole. "Na wewe! Leo ndio utajua utalala wapi!"

"Atalala kwetu," Bi Elmina alisema taratibu, akimfunika Quinter kwa pembe ya shali yake. "Kama kwako hakuna nafasi, kitanda kiko."

Mjomba Ouko alishusha kidole. Alimtazama mama yule mgonjwa, akamtazama mpwa wake, akajifuta uso kwa viganja. "Ni kweli," alisema hatimaye. "Iligongwa."

Mzee Johana alimrudishia ufunguo. Hakutukana wala hakupaza sauti. "Leo sinunui," alisema. Walirudi mjini pamoja, wenye gari na wageni wao.

Jioni hiyo Quinter alimwambia mama yake kila kitu, wakaanza kukunja nguo pamoja. Eucabeth hakumgombeza. Alikuwa akilia, lakini alikunja vizuri, kwa mikono ya mtu asiyejuta. Mjomba Ouko akatokea mlangoni.

"Rudiseni hizo nguo," alisema. "Nikiwa kwa ile gari nilikuwa naangalia mkono wa yule mama hapo kwa dasibodi. Hata mimi nilikuwa nimekosa pumzi, Quinter. Nisamehe. Nilikufunga kwa siri yangu."

Gari la kijivu lilibaki pale pale mbele ya yadi. Siri yake haikufichwa tena. Mjomba alibandika karatasi kwenye kioo chake kueleza kwamba liligongwa mbele na kwamba halitauzwa mpaka mifuko mipya ifungwe. Vijana wa yadi walimwambia anafukuza wateja, naye akawaambia ni sauri yake. Mifuko ilipofika kutoka Nairobi na kufungwa, alimpigia Mzee Johana simu mwenyewe.

Mzee alikuja na Bi Elmina pamoja na fundi wao. Kabla hajauliza lolote, Mjomba Ouko alimweleza mahali gari lilipogongwa, kilichobadilishwa na kilichonyooshwa tu. Fundi alilala chini ya gari, akatoka, akaitazama ile taa nyekundu ikiwaka na kuzimika inavyopaswa, akatikisa kichwa kukubali. Bi Elmina akaketi mbele. Quinter akabonyeza kitufe cha joto bila kuambiwa.

"Mzee," Quinter aliuliza kwa aibu, "yadi ni nyingi hapa Kericho. Kwa nini mmerudi kwetu?"

Mzee Johana alimwekea mkono kichwani. "Kwa sababu hapa nitajibiwa. Sikia, mtoto. Siku ile hukusema uongo hata neno moja, lakini ulinidanganya. Ulimi wangu unakosea, nimezeeka nao, sitaubadilisha. Mtu akikuuliza, na wewe unajua anataka kujua nini, mjibu hicho anachotaka kujua. Usijifiche nyuma ya namna alivyotamka."

"Nimesikia, Mzee," Quinter alisema.

"Basi inamisha kichwa," Bi Elmina alisema kutoka kitini, akiwa tayari amefumba macho. "Yale maombi hayakufika amina."