Nondo Mdogo Kuliko Punje ya Mchele

Mghoi ana miaka sita. Anaishi Wundanyi, juu milimani, kwenye ukungu na baridi.

Siku moja alikwenda kazini kwa Shangazi Wakesho. Shangazi huchunguza nondo, wale wadudu wanaofanana na vipepeo.

Mezani palikuwa na karatasi nyeupe. Juu yake palikuwa na nondo mmoja. Alikuwa mdogo kuliko punje ya mchele!

"Amelala?" Mghoi alinong'ona.

"Amekufa, mwanangu. Nilimwokota dirishani. Ninaye huyu mmoja tu."

Mdogo, mdogo, mdogo!
Lakini yupo.

Shangazi alimweka chini ya hadubini, ile mashine inayokuza vitu vidogo.

Mghoi akafumba jicho moja, akachungulia. Lo!

"Shangazi! Mbawa zake zina matamvua, kama shuka!"

"Na kichwani?"

"Ana vinyuzi viwili. Virefuuu!"

"Hivyo ni vipapasio. Nondo hunusia hivyo."

Shangazi akamrudisha kwenye karatasi. Akafungua sanduku la nondo wengine. Huyu kahawia. Yule kahawia.

"Nilidhani ni nondo mpya, asiye na jina," alisema. "Kumbe ni walewale." Akashusha pumzi.

Mghoi alisogea kumtazama tena. Pua ikamwasha. Ikamwasha sana.

Ha... ha... CHYAA!

Karatasi tupu.

Shangazi hakuona. Alikuwa ameinamia sanduku. Mghoi angeweza kunyamaza.

Lakini akamvuta Shangazi nguo.

"Shangazi... nimepiga chafya. Nondo amepeperuka. Nisamehe."

Shangazi alishika kichwa. Kisha akapiga magoti.

"Chafya haibishi hodi," alisema. "Umefanya vizuri kuniambia. Haya, tumtafute!"

Mdogo, mdogo, mdogo!
Lakini yupo.

Wakatambaa sakafuni. Kwaru, kwaru, kwaru.

Chini ya kiti? Hayupo.
Ndani ya kiatu cha Shangazi? Hayupo!

Mghoi akatazama sweta lake. Kwenye mkono wa sweta, palikuwa na kidoa cha kahawia.

"Shangazi! Yupo hapa!"

"Usitikisike. Usipumue!"

Shangazi alimchukua kwa brashi laini. Polepole. Polepole. Akamweka tena chini ya hadubini. Safari hii nondo alilala chali.

Mghoi akachungulia.

"Shangazi, ana mafiga!"

"Ana nini?"

"Mafiga, kama ya jikoni! Vidoa vitatu chini ya bawa. Vinang'aa!"

Shangazi akatazama. Akawageuza wale wa sandukuni, mmoja mmoja.

Huyu hana. Huyu hana. Na huyu hana!

"Ni mpya!" Shangazi akapiga vigelegele. "Mimi nilitazama mgongo tu. Sikumgeuza!"

Shangazi akaandika kila kitu: mbawa, matamvua, vipapasio. Mghoi akachora vidoa vitatu, ulimi nje.

"Tumwite nani?" Shangazi aliuliza.

"Nondo Mafiga!"

Jioni, Mghoi alirudi nyumbani. Akageuza sahani. Akageuza kandambili. Akamgeuza paka.

"Nyauuu!" Paka akakimbia.

Kitandani alikuwepo mdogo wake, Mwakio, mtoto mchanga. Mghoi akainua kiguu chake taratibu.

"Mama, njoo! Mwakio ana alama chini ya unyayo!"

Mama akaja, akainama. "Ehe! Kweli. Kumbe mimi namwogesha kila siku, na sijawahi kuiona!"

Mghoi akaubusu ule unyayo. Akajifunika blanketi, akalala fofofo.